Leo Uliza Wewe: Kumuaga Mwalimu Asumpta Kavata

Alhamisi hii, tarehe 28 Juni 2018, Mwalimu Asumpta Kavata anastaafu baada ya kufanya kazi Saudia kwa miaka ishirini na mmoja. Saba ya mwisho amekuwa mwalimu wa ukumbi wetu wa mafunzo hapa Riyadh. Wafanyakazi wenzake wamekubaliana kumuaga katika chumba cha kulia, baada ya sala ya alasiri, kwa chai, mandazi na pilau ya Fidel, dereva wetu. Mudiri wetu, yaani mkurugenzi wa kampuni, Abu Turki, ametoa ruhusa ya shughuli na ametoa pia mbuzi. Tunamshukuru kwa vyote viwili.

Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya wengi watakaohudhuria. Mwandishi ameombwa awe mwangalifu, na amejitahidi kuandika yale tu yaliyoonekana au kusikiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ukimaliza kusoma, tafadhali ondoka na nakala yako. Usiiache mezani.

Mwalimu alizaliwa Kangundo. Kabla ya kuja huku alifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya harambee isiyokuwa na maabara wala maktaba. Ilikuwa na sanduku moja tu la vitabu, na ndani ya sanduku nakala nyingi za riwaya moja ya zamani ya Kiingereza, masalio ya misheni. Hapakuwa na kingine, basi alikifundisha hicho hicho mwaka baada ya mwaka, mpaka akakijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani. Ni hadithi ya mji wa viwanda ambao anga lake halikosi moshi, na ya watoto wanaofundishwa kwamba kisichopimika hakipo. Wanafunzi wake, anasema, hawakumsikitikia mtu yeyote katika kitabu kile. Waliutamani moshi. Hawakuwa wamewahi kuona kiwanda, na walidhani mahali penye moshi mwingi namna hiyo lazima panapikwa chakula kingi.

Mwaka 1997, shule ilipoanza kuwalipa walimu wake kwa magunia ya mahindi, Mwalimu alivuka bahari akaja Jeddah. Aliajiriwa kazi za ndani katika nyumba moja ya Al-Hamra, nyumba ya mama mzazi wa Abu Turki. Aliyezoea kupiga kengele ya shule sasa aliitwa kwa kengele. Halalamiki juu ya miaka ile. Alijifunza Kiarabu kwa kusikiliza ugomvi wa jikoni, na mpaka leo anajua kutukana samaki kwa Kihijazi kama mtu aliyezaliwa pale. Alipiga pasi kanzu ambayo Abu Turki alivaa siku ya harusi yake. Mama mwenye nyumba alipougua ugonjwa mrefu, Mwalimu ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha, na mwisho akamfumba macho. Katika nyumba ile aliitwa Asuma, na Abu Turki hujisahau akamwita hivyo hata mbele ya wageni.

Mwaka 2011 wimbi la ajira lilipoanza kupanda, Abu Turki alifungua ukumbi wa mafunzo ya kazi za ndani nyuma ya soko la Batha, katika jengo lililokuwa ghala la mazulia. Siku za joto kuta hutoa harufu ya sufu hadi leo. Alihitaji mtu aliyejua nyumba za huku na aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Alimchukua Mwalimu.

Ni haki kueleza nia ya Mudiri, kwa sababu haikuwa mbaya. Yeye ni mhandisi kwa elimu. Aliona wasichana wakifika kwenye nyumba za watu bila kujua neno, wakiulizwa jambo na kukaa kimya, na ukimya ule ukichukuliwa kuwa kiburi. Dawa yake ilikuwa kila swali liwe na jibu lake, na jibu liwe tayari mdomoni kabla mtu hajapanda gari la Jeddah. Aliamuru iandikwe ukutani kwa rangi ya kijani: SWALI MOJA, JIBU MOJA. Mtu alipopendekeza wasichana wafundishwe pia habari kidogo za maisha ya huku, alisema, "Nyumba haina hadithi. Nyumba ina vumbi."

Waliopita ukumbini hawahitaji kuelezwa ilivyokuwa. Wasichana walifika bechi kwa bechi, kila mmoja akapewa aproni yenye namba kifuani na mgongoni, na kwa namba hiyo aliitwa hadi siku ya kuondoka. Kengele ilipolia, swali. Kitambaa cha bluu? Vioo. Kitambaa chekundu? Choo. Mtoto akilia? Namwita madam. Madam akilia? Natoka chumbani. Aliyekosa hakupigwa wala hakutukanwa. Safu yake nzima ilirudi kengele ya kwanza ikaanza upya, na wenzake ndio waliomalizana naye.

Mwalimu aliifanya kazi hiyo kwa ustadi, na ndani yake alipenyeza kicheko pale alipoweza. Wengi wanakumbuka juma lile ukumbi ulipokosa kahawa na majani ya chai, lakini ratiba ikataka somo la kuhudumia wageni liendelee. Wasichana walimimina hewa kutoka kwenye birika tupu, wakainama, wakakaribisha. Fidel alipita akapewa kikombe, akakishika kwa vidole viwili, akapuliza, akanywa, akakunja uso. "Mwalimu," akasema, "huyu namba nne atafukuzwa. Sukari imezidi."

Wanakumbuka pia mwanasesere wa somo la kuogesha mtoto, aliyepoteza kichwa mwaka wa pili na hakununuliwa mwingine. Kila bechi ilimwogesha hivyo hivyo, kwa upole, kuanzia shingoni kwenda chini. Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, na kichwa?" Mwalimu akamjibu, "Kichwa utakikuta Jeddah."

Somo la mwisho kabla ya safari lilikuwa la simu. Idara ya ufuatiliaji humpigia kila mfanyakazi mara moja kwa mwezi kupitia simu ya mwajiri wake, sauti ikiwa imefunguliwa kwa spika, ili kujua anaendeleaje. Miaka ya mwanzo wasichana walilia kwenye simu hizo, waajiri wakakasirika, na wengine wakarudisha wafanyakazi. Mudiri akaagiza swali hili nalo lipewe jibu lake. Basi Mwalimu aliketi nyuma ya pazia na simu isiyo na waya, akabadilisha sauti iwe ya ofisi, akauliza kwa Kiarabu, "Kazi ikoje?" Na msichana upande wa pili akajibu, "Tamam, madam," yaani kila kitu ni shwari. Lilirudiwa mpaka likatoka kama pumzi. Idara yetu ilipata ngao ya kioo kwa sababu ya jibu hilo. Ipo mlangoni, na hufutwa vumbi kila siku kwa kitambaa cha bluu.

Hadithi ilianzia kwenye mashuka. Kukunja shuka la kitanda kikubwa kunataka watu wawili na hakuna swali ndani yake, wala hakukuwa na kengele mpaka rundo liishe. Katika nafasi hiyo, bila kuomba ruhusa, Mwalimu alianza kuwasimulia wasichana ile riwaya ya Kangundo, kipande kila alasiri. Watu walikunja mashuka polepole kuliko ilivyokuwa lazima. Walimbishia. "Huyo baba wa kufundisha watoto hesabu tu, hana bibi wa kumwambia aache?" "Bibi anaye, lakini anaumwa." "Si ajabu!" Walikuwa na neno hasa juu ya binti wa yule baba, aliyelelewa kujibu kila kitu sawasawa, na ambaye alipoulizwa habari ya moyo wake mwenyewe hakuwa amefundishwa jibu. Hakuna bechi iliyofika mwisho wa hadithi. Viza zilitoka, magari yakaja, na wasichana wakaondoka wakiwa wameliacha jambo la yule binti katikati.

Aliyebisha kuliko wote alikuwa Valary Jepkosgei, wa bechi ya Desemba iliyopita, namba saba kwenye aproni. Valary aliuliza sana. Aliuliza kwa nini kitambaa chekundu kisioshe kioo kama kimefuliwa. Aliuliza kama madam naye anajua maswali yake. Kwa ajili yake safu ya pili ilirudi kengele ya kwanza mara nyingi, na wenzake walimchoka. "We saba, sema tamam twende tukale!" walimpigia kelele. "Unataka kuwa wakili?" Akajifunza. Kufikia siku za mwisho alikuwa mwepesi kuliko wote. Alisema tamam kabla Mwalimu hajamaliza swali. Mwalimu alimpa alama za juu. Januari Valary alipelekwa kwenye nyumba moja katika mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah.

Alipigiwa simu Februari. Tamam, madam. Alipigiwa Machi. Tamam, madam.

Mwezi wa Aprili, simu ya Valary ilikuwa hewani ofisini kwetu wakati Mwalimu alipoingia kuomba chaki. Tulikuwa wanne chumbani na sote tulisikia. Alisimama katikati ya mlango. "Huyo ni nani?" akauliza. Akaambiwa ni Valary wa Al-Nuzha, na kwamba tayari amejibu. "Valary hajawahi kujibu kwa neno moja bila kulazimishwa," akasema, akaomba simu. Mkuu wa idara, Alfayo, alitazama saa lakini hakumkatalia.

Mwalimu alimwamkia mwenye nyumba kwa Kiarabu kizuri, akamwomba dakika mbili, kisha akasema kwa Kiswahili, "Valary, ni mimi, Mwalimu. Umekula leo?"

"Tamam, madam."

"Unalala wapi hapo?"

"Tamam, madam."

"Valary, mama yako anaitwa nani?"

"Tamam, madam."

Mmoja wetu alicheka. Mwalimu hakucheka. Tulimwona akiketi kwenye kiti ambacho hakuwa amekaribishwa, na rangi ya uso wake ikabadilika kama mtu aliyekumbuka jiko aliloacha linawaka. Baadaye alitueleza alichokuwa amekielewa. Msichana alidhani yuko kwenye mtihani. Ukumbini sauti ya simu ilikuwa daima sauti ya Mwalimu nyuma ya pazia, na aliyekosa alirudisha safu nzima nyuma. Ofisi ilipopiga Februari alifaulu. Machi alifaulu. Sasa yule mtahini mwenyewe amekuja kwenye simu, na yeye, kadiri alivyoona anaulizwa maswali magumu zaidi, ndivyo alivyoshikilia lile jibu la kufaulu. "Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga," alisema Mwalimu, "na sasa nabisha hodi kwa sauti ile ile."

Simu ikiwa bado hewani, aligonga meza ya Alfayo kwa ufunguo, mara tatu, kama kengele ya mwisho ya ukumbini. "Valary, kengele imelia," akasema. "Mtihani umekwisha, umefaulu. Leo uliza wewe, mimi nijibu."

Kisha tukasikia sauti ambayo haikuwa ile ya tamam. Ilikuwa ndogo, yenye lafudhi kidogo ya Kinandi. "Mwalimu," ikasema, "mlango uliofungwa kwa nje hufunguliwaje?"

Valary akauliza la pili, haraka, kama mtu anayeogopa kengele nyingine. "Na jiki ya kufulia ikiingia kwenye kidonda kila siku, kidonda hupona?" Hapo mwenye nyumba akaichukua simu. "Halas," akasema, na ikawa halas, simu ikakatwa.

Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa Mudiri. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakisubiri sahihi pale nje walisikia mazungumzo, na mwandishi anayaandika jinsi walivyoyatoa, bila kuongeza. Abu Turki alifungua kompyuta yake akamwonyesha: tamam, tamam, na tamam ya leo. Akaeleza kwamba muda wa majaribio umekwisha na kafili, yaani mdhamini, wa msichana sasa ni mwenye nyumba. Akimrudisha, atataka mwingine siku hiyo hiyo, kwa sababu nyumba ile ina watoto na haiwezi kukaa bila mtu. Lakini kwa heshima yake Asuma, akasema, atampeleka mwingine na kumtoa Valary. Bechi mpya iko tayari. Atampeleka namba kumi na mbili.

Namba kumi na mbili alikuwa msichana anayeitwa Maureen. Kwenye kioo cha ofisi ya Mudiri ukumbi unaonekana wote, na wakati huo Maureen alikuwa amesimama upande mmoja wa shuka, akisubiri mwenzake ashike upande wa pili.

"Nipeleke mimi," Mwalimu akasema.

Abu Turki alicheka. "Wewe ni mtu mzima, Asuma."

"Nyumba inataka mtu. Kumbe mimi si mtu?"

Wanaomfahamu Mudiri wanasema alikubali akidhani Mwalimu atageuka njiani, labda wakifika Taif. Hakugeuka. Kabla ya safari alikwenda stoo ya ukumbi, akatafuta kati ya aproni zilizofuliwa, akavaa namba saba.

Safari ile tunaijua kwa kinywa cha Fidel, aliyeendesha, na Valary ameithibitisha. Mlango wa nyumba ya Al-Nuzha ulifunguliwa kufuli kwa nje, katika jua la saa saba. Valary akatoka. Fidel anasema alikuwa mwepesi kama nguo zilizokaukia kambani, ngozi ya mikono yake imebanduka hadi viwiko, na alisimama kizingitini akisubiri kuambiwa avuke. Mwalimu alimshika bega akampitisha, kisha yeye mwenyewe akaingia mahali pake. Walipopishana Valary alimshika aproni.

"Mwalimu, yule binti wa hadithi aliishaje?"

"Alitoka," Mwalimu akasema. "Alichelewa, lakini alitoka."

Mlango ukafungwa. Fidel alimweka Valary garini, na kwa kuwa hakujua la kumwambia alimpa chapati na kumwuliza kama yuko sawa. "Tamam," Valary akajibu. Walikuwa wamepita taa mbili za barabarani alipoushika mkono wa shati la Fidel akauvuta. "Kaka, hapana," akasema. "Si tamam. Rudi uniulize tena." Fidel aliegesha pembeni akamwuliza tena. Alilia mpaka hospitali. Mkono mmoja ulipona. Mwingine haufungi ngumi hadi leo. Mwezi wa Mei alisafirishwa kwao Kapsabet.

Mwalimu alibaki Al-Nuzha. Ilipofika zamu ya simu yake, idara ilimpigia kama inavyompigia mfanyakazi yeyote, sauti imefunguliwa, mwenye nyumba kando yake. Aliulizwa kwa Kiarabu, kazi ikoje. Akajibu kwa Kiarabu, polepole, kama mtu anayesoma imla. "Mlango hufungwa kwa nje kila asubuhi. Nimekula wali wa jana mara moja. Nalala sakafuni kando ya mashine ya kufulia. Mikono yangu inawasha kwa jiki, na glavu zipo kabatini, zimefungiwa."

Mashine yetu ya simu ina majibu mawili ya kubonyeza. La kwanza ni tamam. La pili ni kwamba mfanyakazi hakupatikana. Karani aliyekuwa kwenye simu hakuweza kubonyeza la kwanza, kwa kuwa si kweli, wala la pili, kwa kuwa amepatikana. Na bila kubonyeza moja, simu haifungwi. Alfayo aliambiwa. Alisema, "Bonyeza tamam, yalla, tuendelee." Kisha akatazama skrini kwa muda, na mwisho akasema, "Basi iache." Ikaachwa. Simu isiyofungwa hugeuka alama nyekundu, na alama hiyo huonekana kwenye kila kompyuta ya kampuni, ya Mudiri ikiwemo. Kila asubuhi alipoiwasha, aliikuta pale, juu ya kazi zote. Haikuwezekana kuiondoa bila jibu.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Abu Turki alipiga simu ile mwenyewe. Alikuja ofisini kwetu, akasimama, hakuketi. "Asuma," akasema, "kazi ikoje?" Mwalimu akamjibu yale yale, moja moja, bila kuyapunguza wala kuyapamba hata kidogo. Mwisho akaongeza moja. "Abu Turki, mama yako hakunifungia mlango hata siku moja."

Siku iliyofuata Mudiri aliondoka na Fidel kwenda Jeddah. Walifika Al-Nuzha jua likikaribia kuzama, wakakuta wenye nyumba wametoka kwenda kufuturu kwa ndugu zao na kufuli liko mlangoni. Mudiri aliwapigia, hawakupokea. Hakuondoka. Alizunguka ukuta mpaka kwenye dirisha la jikoni lenye nondo, akamwona Mwalimu ndani amevaa aproni namba saba. Adhana ya magharibi ilipolia Mudiri hakuwa na kitu mkononi cha kufungulia. Mwalimu, ambaye ni Mkatoliki, akachukua tende tatu na glasi ya maji, akavipitisha kati ya nondo. Abu Turki alivipokea, akasoma dua, akafuturu pale uchochoroni, amesimama, akimtazama Mwalimu na Mwalimu akimtazama yeye. Fidel aligeuza uso. Anasema kuna mambo dereva haruhusiwi kuyaona.

Wenye nyumba waliporudi, Mudiri aliomba ufunguo. Mwalimu alikataa kutoka mpaka alipoahidiwa, mbele ya Fidel, kwamba nyumba ile haitapewa msichana mwingine. Ahadi ilitolewa na imetunzwa. Namba kumi na mbili yuko Riyadh, kwa familia ya walimu. Juzi alikuja kutusalimu akiwa na kichwa cha mwanasesere alichokiokota Batha. Hakitoshi shingoni, lakini kimefungwa kwa utepe.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu aliarifiwa kwamba ikama yake, kibali cha kuishi huku, haitafanywa upya na kwamba atastaafu mwisho wa Juni, ingawa ilitarajiwa aendelee mwaka mwingine. Wapo wanaosema ni adhabu. Wapo wanaosema Mudiri hawezi tena kupita ukumbini akamkuta amesimama pale. Mwandishi hajui. Mwalimu alipoulizwa alisema, "Yote mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana," akaendelea kufunga sanduku lake. Ndani ya sanduku tuliona nguo chache, birika tupu la somo la wageni, na aproni namba saba, ambayo stoo imeiandika kuwa imechakaa.

Itapendeza kumaliza kwa kusema kwamba mambo yamebadilika. Mwandishi ameombwa awe mwangalifu, na uangalifu unamtaka pia asiandike lisilokuwepo. Maandishi ya kijani yangali ukutani. Mwalimu mpya ameanza, ni mtu mwema, na somo la simu linafundishwa kama zamani, kwa jibu lile lile. Mashine bado ina majibu mawili. Wasichana wa bechi hii wanakunja mashuka haraka sana.

Ila tangu Mwalimu aliporudi kutoka Jeddah, simu za ufuatiliaji zimekuwa na sehemu nyingine mwishoni. Baada ya kazi ikoje, na baada ya tamam, meza hugongwa kwa ufunguo mara tatu, kisha msichana huambiwa kwamba kengele imelia, na sasa aulize yeye. Hakuna aliyetoa amri hiyo na hakuna aliyeikataza, labda kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Wengi hunyamaza. Wengine huuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Mmoja wa Al-Hamra aliuliza hadithi iliishaje, akaambiwa. Na wapo wawili, mpaka leo, ambao maswali yao hayakuweza kufungwa. Alama nyekundu kwenye kompyuta zetu sasa ni mbili. Mudiri huziona kila asubuhi. Jana aliuliza anuani za nyumba hizo, na Fidel ameambiwa aangalie upepo wa magurudumu.

Valary ametuma ujumbe wa sauti utakaochezwa leo baada ya chakula. Ni mfupi. Anamwambia Mwalimu kwamba ule mwisho wa hadithi aliopewa mlangoni ni wa haraka mno na haukubali, na anauliza atafika Kapsabet lini aumalizie. Anauliza pia mambo mengine saba au manane. Ujumbe wote hauna jibu hata moja.

Mwalimu Asumpta, wenzako wa ukumbi, jiko, gari na ofisi wanakushukuru. Ulitufundisha kujibu, na ulipoona jibu limegeuka kufuli, ukaingia wewe mtoto akatoka. Nenda salama Kangundo. Mungu akupe nyumba yenye ufunguo wake ndani, glavu zisizofungiwa, na wanafunzi wabishi wa kukuchelewesha kwenye mashuka. Na watu wa kwenu watakapokupokea na kukuuliza, kama watu wanavyouliza, kazi ya Saudia ilikuwaje, tunakuomba jambo moja tu. Usiwajibu tamam.

Serah Mutheu
Karani, Idara ya Ufuatiliaji